Zuhura Juu ya Duka la Saa

12 Januari

Kidole mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, la kulia limenyamaza tangu mwaka uanze, nami silichokozi. Mlango wa tanuri uliokuwa ukining'inia umetengenezwa. Bi Kelele bado yuko kaunta anauza mikate na kugawa habari za mtaa. Mteja akija na haraka zake, anaondoka na mkate mmoja na umbea wa nyumba tatu.

Sifa zako zimeenea. Wote wanajua kwamba yule mtoto niliyemlea, aliyekuwa akinyooshea kila kitu kidole mpaka jina lake likasahaulika, sasa anafanya kazi katika jumba la kuonyeshea nyota. Tatizo ni kwamba hawatofautishi mwanafalaki na mpiga ramli. Jana mama mmoja kaniuliza kama unaweza kumwangalizia nyota bintiye, aolewe na mhasibu au na yule mwenye pikipiki. Nimemwambia nyota zako wewe hazishughuliki na harusi.

Sasa nina swali. Kila jioni tukifunga duka, upande wa machweo kuna nyota kubwa inayong'aa kama taa ya mlangoni pa hospitali. Inakaa juu ya paa la duka la saa, ng'ambo ya barabara. Bi Kelele anasema ni ndege. Mimi nikasema ndege gani hiyo isiyofika? Fundi saa alikuwa kaunta anangoja afungiwe mkate. Huyu mtu miaka yote hajawahi kusema kitu dukani kwangu zaidi ya "mmoja, mweupe." Siku hiyo akasema, "Si ndege wala si nyota. Hiyo ni Zuhura, ni sayari." Akachukua mkate wake akaenda zake. Sipendi kufundishwa nikiwa nyuma ya kaunta yangu mwenyewe, kwa hiyo nakuuliza wewe. Ni kweli?

Chumba chako nimekipaka rangi ya samawati. Desemba mkataba wako ukiisha utakuja ukute pako pazuri. Tulikubaliana, nami sijasahau.

Uniandikie, usipige simu. Kwenye simu wewe kila kitu ni "salama tu."

Shangazi yako

2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima. Chumba changu ni kidogo kiasi kwamba nikifungua kabati lazima nipande kitandani, lakini dirisha ni kubwa na mwenye nyumba hana maneno. Kazini nako kunanikubali. Wageni huingia ndani ya kuba, viti vinalala nyuma, taa zinazimwa, na anga lote linatokea juu yao. Wazee wengine husinzia hapo hapo. Wiki iliyopita darasa moja la watoto lilipiga makofi Mirihi ilipotokea, kama vile mfungaji wao ameingia uwanjani.

Pole Shangazi, fundi saa yuko sahihi. Nyota ni jua lililo mbali sana, lina moto wake lenyewe. Sayari haina moto. Inapokea mwanga wa jua na kuurudisha, kama sahani iliyooshwa vizuri. Ukitazama kwa makini utaona nyota inametameta na sayari imetulia. Kutoka kwenye jua zimepangika hivi: Utaridi, Zuhura, Dunia yetu, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Ziimbe ukikanda, zitakaa kichwani.

Usidanganywe na uzuri wa Zuhura. Kule chini ya mawingu yake kuna joto karibu mara mbili ya tanuri lako likiwa tayari kwa mikate. Tena ni mvivu. Inajizungusha polepole hivi kwamba inamaliza kulizunguka jua kabla haijageuka yenyewe mara moja. Watu wa kale wa Babeli waliifuatilia na kuiandika kwenye vigae vya udongo, wakijua inapotea lini na kurudi lini, ilhali hawakuwa na chombo chochote ila macho na subira. Miaka mia nne hivi iliyopita Galileo akaielekezea darubini, akaona jambo lililomshangaza. Sikwambii ni nini. Kama fundi saa anajua jina la Zuhura, huenda na darubini anayo. Muulize.

Mkuu wetu wa kazi aliniita ofisini majuzi. Mambo ya kikazi tu, si kitu.

Msalimie Bi Kelele, mwambie ndege hiyo haitui.

Kidole wako

1 Machi

Kidole,

Hatujambo, ingawa unga uliokuja wiki hii ni mzito kama udongo na mikate ya Jumatatu ilitoka imenuna. Jirani wa juu amejifungua mapacha. Anasema hana usingizi, nami nimemwambia awalete dukani alfajiri, mimi niko macho.

Nimeiona. Ngoja nikusimulie kwa mpangilio, maana Bi Kelele ana toleo lake.

Jumatano, jua limeshazama, fundi saa alivuka barabara akasimama mlangoni. Akasema, "Mama Mkate, ile Zuhura uliyonibishia, njoo uione."

Nikamwambia, "Sikukubishia. Nilinyamaza."

"Kunyamaza kwako kuna sauti," akasema.

Nikamchukua Bi Kelele ili watu wasiseme. Ukilifikiria ni kichekesho, kwa sababu anayesema mtaani ni yeye. Tukapanda juu ya paa la duka la saa, tukapita chini ya kamba ya nguo. Ile darubini, mwanangu, ni bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi na kusimamishwa kwenye miguu ya cherehani kuukuu. Kioo cha ndani alikisugua mwenyewe mwaka mzima baada ya mkewe kufariki. Alisema mikono ilikuwa inataka kazi.

Nikaweka jicho. Nikaona mwezi mwembamba, mdogo kama ukucha uliokatwa. Nikamwambia, "Baba, huu mwezi naujua tangu utotoni."

Akasema, "Leo hakuna mwezi."

Nikatoa jicho nikatazama juu. Kweli, hakuna. Kile kijimwezi kilikuwa Zuhura yenyewe! Akanieleza kwamba inalizunguka jua ndani ya njia yetu, kwa hiyo mara tunaona uso wake wote, mara kipande, na kwamba hilo ndilo Galileo aliloliona, akajua kuwa si kila kitu kinatuzunguka sisi. Kisha akageuza bomba kwenye Mshtarii. Kuna miezi minne pembeni yake, vinukta tu, vimejipanga kama vijana wanaongoja kinyozi. Nilicheka mpaka darubini ikatikisika na fundi saa akalazimika kuielekeza upya. Hakukasirika. Kumbe fundi saa ni mtu wa kuongea, ila anahitaji giza.

Tumerudi mara mbili tangu hapo.

Sasa swali langu ni kubwa. Vyote hivi vilianza vipi? Usinijibu kwa dini, upande huo majibu ninayo. Nataka kujua ninyi wa majumba ya nyota mnasemaje.

Na Mkuu wako alikuitia nini? Mtu haitwi ofisini kwa "si kitu."

Shangazi yako

23 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hongera kwa mapacha, na pole kwa unga. Huku mvua imeingia kwenye paa la kuba, na jana ilidondokea Zohali. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Swali lako naulizwa kila siku, na kila siku naogopa kulijibu ovyo. Karibu miaka mia moja iliyopita watafiti waligundua kwamba makundi ya nyota yaliyo mbali yanazidi kuachana. Padri mmoja mwenye hesabu kali akasema, kama yanaachana, basi zamani yalikuwa jirani, na ukirudi nyuma zaidi utafika mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimeshonana, moto usio na mfano. Wewe unaliona hilo kila alfajiri. Ukitia zabibu kavu kwenye donge, likaumuka, kila zabibu inaona wenzake wote wanaikimbia, na hakuna inayoweza kusema "mimi ndiye wa katikati." Tunauita Mlipuko Mkuu, lakini usifikirie bomu. Bomu hulipuka mahali fulani. Huu ulikuwa ni kutanuka kwa mahali penyewe.

Ni miaka karibu bilioni kumi na nne iliyopita. Joto la mwanzo bado lipo, limepoa sana, na vyombo vinalipima kila upande wa anga. Mwanzoni hakukuwa na chuma wala chokaa, ni gesi nyepesi tu. Vitu vizito vilipikwa baadaye ndani ya nyota, zikafa zikavimwaga. Kwa hiyo chokaa iliyo kwenye goti lako linalolalamika ilitoka kwenye nyota. Ukiniuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, nitakuambia hatujui, na anayesema anajua muulize vizuri.

Nikupe na hadithi moja ya kweli. Kulikuwa na mwanamke, Karolina Herschel, aliyekwenda kumtunzia kaka yake nyumba. Kaka alikuwa akisugua vioo vya darubini bila kupumzika, na dada akimtilia tonge mdomoni ili asiache. Baadaye dada naye akashika darubini yake, akagundua nyota zenye mkia ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Nimemkumbuka kwa sababu yako. Maana Shangazi, katika barua yako fundi saa ametajwa mara nyingi kuliko mkate.

Kazi inaendelea vizuri.

Kidole

30 Aprili

Kidole,

Nimepokea barua yako. Asante kwa maelezo. Hatujambo. Unga umebadilika, sasa ni mzuri. Mapacha wanakua. Bi Kelele amenisusia. Anauza kimya kimya mpaka wateja wananiuliza kama anaumwa.

Ile nyota ya jioni imetoweka juu ya paa. Sasa iko upande wa mawio alfajiri, naiona nikiwasha tanuri. Zamani ningesema ni nyingine.

Nimekununulia godoro jipya la chumbani kwako. Lile la zamani lilikuwa limeingia shimo.

Shangazi

18 Mei

Shikamoo Shangazi,

Naomba goti na Bi Kelele wote wapone.

Shimo liko kwenye barua yako, si kwenye godoro. Umeniandikia unga, mapacha, Bi Kelele, nyota, godoro. Fundi saa umemweka wapi? Bi Kelele hawezi kunyamaza bure. Mimi nimekaa na wewe miaka yote, nakujua. Ukiwa na furaha unaandika kama unavyokanda, unga unaruka kila mahali. Hii yako ya Aprili imefutwa meza.

Amekuudhi? Amehama? Anaumwa? Niambie. Nakuuliza tena ili usiseme hukusikia: kumetokea nini?

Wako Kidole

9 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima. Barua yako ilichelewa posta, na yangu imechelewa mkononi.

Aliniomba anioe, nami nilikataa. Basi, umeshajua.

Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Tulikuwa juu ya paa jioni, na Bi Kelele alishuka kufuata shali yake, shali ambayo alikuwa ameivaa. Fundi saa akasema, bila kunitazama, "Nilishazoea kukaa peke yangu wala sikulalamika. Lakini siku hizi usipopanda hapa, naona kiti chako. Ningependa tuoane."

Hakupiga magoti, na nashukuru, maana angeniambukiza maumivu.

Nilitaka kusema ndiyo. Naliandika hapa kwa sababu wewe uko mbali huwezi kuniona uso. Lakini baba yako alipokuwa anaondoka duniani, alinishika mkono akasema, "Dada, mtoto huyu asikose pa kurudi." Nikamwahidi. Nikajisemea kwamba nyumba hii itakuwa ya Kidole, asije akaingia akakuta viatu vya mwanamume asiyemjua mlangoni, akaanza kutembea kwa kunyata kwao mwenyewe. Wewe unarudi Desemba. Nilimweleza fundi saa hivyo hivyo. Alisikiliza, akasema, "Nimeelewa," akafunika darubini.

Sasa ananunua mkate kule kona. Mkate ule ukiubana haurudi. Nasikia uchungu kumwona anapita nao.

Umeuliza, nimejibu. Tuliache hapo. Hebu niambie habari za Zohali.

Shangazi yako

1 Julai

Shikamoo Shangazi,

Zohali ina pete, nyingi, za vipande vya barafu na mawe. Haya, nimekuambia. Sasa nisikilize mimi.

Ulitaka kujua Mkuu aliniitia nini. Aliniambia kuna nafasi ya masomo ya miaka mitatu kwenye kituo cha darubini kubwa, mlimani, nchi ya mbali, kujifunza namna ya kupima umbali wa nyota. Katika watu wote wa hapa alinichagua mimi. Nikasema hapana. Mwezi wa tatu akaniuliza tena, nikasema hapana tena. Nilirudi chumbani nikakaa juu ya kitanda kabati likiwa wazi. Nilikuwa nawaza chumba cha samawati, na wewe umekaa peke yako jioni ukihesabu miezi mpaka Desemba. Nikaona siwezi kukuandikia kwamba sirudi.

Na wakati huo wewe unamfukuza fundi saa kwa ajili yangu! Tulikuwa tunalindana kwa nguvu mpaka tunaumizana, Shangazi.

Barua yako niliisomea ngazini kazini. Nilipofika kwenye mkate unaobanwa nikapanda moja kwa moja mpaka kwa Mkuu, sikubisha hodi. Alikuwa anamenya chungwa.

"Ile nafasi ya mlimani naitaka," nikasema.

"Ile uliyoikataa?"

"Hiyo hiyo."

"Mara mbili?"

"Nilikosea mara mbili."

Akaniangalia, akanigawia kipande cha chungwa, ndipo nikajua habari ni mbaya. Nafasi imepewa mtu mwingine, wa chuo kingine, na ameshaanza kuaga. Mkuu ameahidi kuwaandikia aulize kama kuna lolote dogo limebaki. Huenda hakuna.

Lakini sikiliza neno hili, ndilo nililoshindwa kulisema tangu Februari. Hata nikikosa, Desemba sirudi kukaa. Nitakuja kama wanavyokuja watoto wakubwa, na begi dogo, nile, nilale, nicheke na Bi Kelele, kisha niondoke. Baba aliomba nisikose pa kurudi. Hakuomba wewe ukae peke yako kupalinda. Viatu vya fundi saa mlangoni nitaviruka.

Vuka barabara, Shangazi.

Kidole

19 Julai

Wewe mtoto,

Marahaba. Nilikukasirikia siku mbili. Ya kwanza nilikasirika kwa sababu umekataa jambo kubwa namna hiyo bila kuniuliza. Ya pili nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimefanya vile vile, na hakuna mtu mwingine wa kumkasirikia. Nililia kidogo kwa ajili ya ile nafasi yako. Mikate ya siku hiyo Bi Kelele aliiweka mbele akasema ina chumvi, lakini alikuwa ananitania. Ameanza kusema na mimi tena, na anafidia.

Siku ya tatu, mikate ya asubuhi imeisha, nikavuka. Sikubadilisha nguo. Nilijua nikienda kubadilisha nitakaa kitandani nifikirie, na nikifikiria sitoki. Aproni ilikuwa nyeupe mpaka kifuani.

Duka lake ni jembamba, saa zimejaa ukutani, na kila moja inasema lake. Alikuwa ameinama mezani, kile kioo chake kidogo kimebanwa kwenye jicho, na tumbo la saa ya mtu limefunguliwa mbele yake. Akasema, "Karibu," bila kuinuka. Alipojua ni mimi mkono wake ukasimama hewani.

Nikasema, "Nimekuja kujibu lile swali lako."

"Ulishanijibu."

"Nilijibu vibaya."

"Ngoja," akasema. Akaifunga saa ya mteja pole pole, akafuta mgongo wake kwa kitambaa, akaiweka kwenye sanduku. Mwanangu, sijawahi kungoja kitu kwa muda mrefu vile, hata mkate wa kwanza niliouoka. Kisha akatoa kile kioo jichoni.

Akasema, "Mimi nilikuuliza habari zako wewe. Ukanijibu habari za mtoto. Nilikwenda nyumbani nikajiambia, huyu mama hanitaki ila ana adabu, ndiyo maana amejificha nyuma ya mtoto."

"Sikujificha. Nilidhani ndivyo inavyopasa."

"Na sasa?"

"Sasa najibu habari zangu mimi," nikasema. "Nakutaka. Na uache kula lile donge la kona, utaumwa."

Akaanza kupekua droo. Nikafikiri basi, nimechelewa, nimekuja kujiaibisha na unga mwilini. Kumbe mtu alikuwa anatafuta leso. Alipanguza macho, akapanguza na miwani ambayo hakuwa ameivaa. Saa zote zikaanza kugonga kwa pamoja, na ilibidi tungoje zimalize ndipo tukasikizana.

Harusi ni Agosti, mwishoni. Watu wachache. Keki naoka mwenyewe, sitaki ubishi.

Niandikie mara tu Mkuu akipata neno. Sijalala vizuri juu ya jambo hilo, usidhani nina furaha moja tu ya kushughulikia.

Shangazi yako

6 Agosti

Shikamoo Shangazi wangu bibi harusi,

Nimesoma barua yako mara nne, na mara moja kwa sauti, mwenye nyumba akagonga ukuta akauliza kuna nini. Nikamwambia shangazi yangu anaolewa. Akasema, "Hongereni," ndipo akakumbuka kukasirika.

Majibu yamekuja. Ile ya masomo imekwenda kabisa. Wamenipa kazi ya usaidizi, mwaka mmoja. Nitasafisha vioo, nitapanga picha za anga, nitaangalia vipimo, na wakiniona nafaa nitaomba masomo mwakani kama mwombaji mwingine yeyote. Si nilichokitupa, Shangazi, ni kidogo zaidi, na usiku wa kwanza nilijisikia vibaya. Asubuhi nikakumbuka kwamba nitakuwa nalala karibu na darubini kubwa kuliko nyumba yetu, nikaanza kuimba bafuni. Mkuu kanipa chungwa zima.

Nitafika siku mbili kabla ya harusi na nitaondoka wiki inayofuata. Mwambie fundi saa nina maswali yangu kuhusu ile miguu ya cherehani.

Kidole

10 Septemba

Kidole mwanangu,

Barua hii natumaini itakuta umeshazoea baridi ya mlimani. Soksi nilizokufungia ni za kuvaa, si za kumbukumbu. Sisi huku tu wazima sana. Mapacha wameota jino, kila mmoja moja, siku moja. Mume wangu (bado naandika neno hili taratibu) alitaka kuhamia na saa zake za ukutani. Nikamruhusu moja. Akaleta tatu, akasema mbili ni mbovu, hazihesabiki. Juzi nimezisikia zinagonga.

Jumapili mwezi ulipatwa. Fundi saa alikuwa ameshatangaza, kwa hiyo watu walitoa viti nje kabla jua halijazama, mpaka yule mwenye duka la kona alifunga akaja. Mwezi ulichomoza nyuma ya ghala la mbao ukiwa tayari umeingia kivulini, mwekundu kama sufuria ya shaba. Mume wangu akawa anaelekeza darubini, kwa hiyo maswali yakaniangukia mimi. Nikawaeleza kwamba hakuna kinachoumeza mwezi, ni Dunia imekaa katikati ya jua na mwezi, na wekundu ule ni mwanga wa machweo na mapambazuko ya Dunia nzima umepinda kupitia hewani ukaufikia. Baadaye ulipoanza kutoka kivulini nikawaonyesha ule ukingo wa mviringo. Nikasema watu wa kale waliuona ukingo huo huo, na ndivyo walivyojua kwamba tunaishi juu ya tufe, kabla hajapatikana hata mmoja wa kulizunguka. Sikuogopa. Kidogo tu.

Bi Kelele akasimama kwenye kiti. "Kwa hiyo kile kivuli ni chetu sisi?"

"Ni chetu sote," nikasema.

"Na mimi nimo?"

"Nawe umo."

Akainua mkono akaupunga juu, kwa bidii, huku anautazama mwezi aone kama utaonekana. Mume wangu, ambaye huwa anacheka kwa mabega tu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha mama wa mapacha naye akapunga. Kisha mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, tumesimama barabarani tunapungia kivuli chetu.

Mume wangu amenihesabia saa za huko. Anasema mwezi huo huo kwako ulikuwa unaelekea kutua, karibu kunapambazuka, na kama hukuwa na mawingu uliutazama wakati ule ule. Basi nikaongeza mkono wa pili.

Ukiangalia zile picha zenu za mlimani, ukaona pembeni ya kivuli kuna kitu kinachezacheza, usifute kioo. Ni sisi.

Shangazi yako